Mashimo Yatima

Nakijwa alikuwa amebakiza vigae vya mdomo tu. Chungu kilisimama mbele yake juu ya kifuko cha mchanga, kimezungushiwa kamba za katani ili gundi ikauke bila vigae kuteleza. Watu waliojazana mlangoni hawakuwa wakikitazama chungu. Walikuwa wakimtazama yeye usoni, kama ndugu wanaomsubiri daktari atoke chumba cha mgonjwa.

"Mama Nietiwe, tuambie basi," alisema Mbonea, mwendeshaji wa Mrija. "Ni yatima au si yatima?"

"Kigae kimoja hakijakaa. Nipe nafasi."

"Ghalani wameanza kufagia pembe, dada."

Nakijwa alikipachika kigae, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa chungu. Ukingo ulikuwa umekatwa mshazari kwa ustadi, kama wafinyanzi wa milima hii walivyoukata zama zile Warumi walipokuwa wakitawala Misri, na shanga zao za kioo zikipanda huku kutoka pwani, mkono kwa mkono. Chini ya ukingo mfinyanzi alichora mistari kwa ncha ya kijiti, imelala kama mifupa ya samaki. Mahali pamoja mkono ulikuwa umeteleza, mstari ukaruka, naye akaendelea bila kusahihisha. Mwanamke mwenye haraka, Nakijwa aliwaza. Kuna kitu kilikuwa kinamngoja.

Chungu hicho hakikuwa cha kupikia. Kilikuwa kimetobolewa kitako na kupachikwa kooni mwa shimo la nafaka, kama shingo ya chupa. Watu wa nyumba ile walikuwa wamechimba shimo nyuma ya jiko lao, wakalikandika kwa udongo uliochanganywa na samadi, wakalijaza uwele, kisha wakafunika chungu kwa kigae kipana na kuziba kwa udongo mbichi. Nafaka iliyofungiwa hivyo hupumua mpaka hewa inakwisha. Wadudu wanakufa. Ile ya pembeni inachipua, inaoza, inageuka ganda gumu linaloilinda iliyobaki. Shimo zuri liliweza kuitunza nyumba kwa misimu kadhaa ya ukame.

Sasa lilikuwa linatakiwa kuyatunza makazi yote ya Ndarwa. Tangu ugonjwa wa kutu nyeusi uingie mashambani, hakuna suke lililotoa punje ya kuliwa, na hata mbegu za zamani zilipopandwa zilikauka zikiwa changa. Mpaka mihogo na viazi vikomae, kilichobaki kilikuwa Mrija, mtambo wa kuvuta nafaka kutoka zama zilizopita. Udongo ukichomwa motoni hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ulivyokuwa siku udongo ulipopoa. Mrija uliufuata mwelekeo huo kurudi nyuma katika wakati, ukakikuta chungu kingali kooni mwa shimo lake, na kufungua njia yenye upana wa mdomo wa chungu. Giza lilikuwa sharti. Mwanga ukiingia kwa upande wa pili, njia hufa.

Wala si kila shimo lilikubali. Kilichokwisha kutokea hakibadiliki. Shimo lililofukuliwa likiwa na nafaka iliyooza ndani yake halikutoa hata punje moja. Yaliyotoa ni yale yaliyofukuliwa yakiwa yamezibwa na ni matupu. Zamani wataalamu walijiuliza kwa nini mtu azibe shimo tupu. Mrija ulipoanza kufanya kazi, watu wa Ndarwa walidhani wamepata jibu: sisi ndio tulioyamaliza. Ili dhamiri zao zilale, wakaweka sheria. Watavuta tu kutoka kwenye shimo yatima, ambalo mwenyewe alihama au alikufa na hakurudi kulifungua. Msoma vyungu ndiye aliyeamua.

Nakijwa alivisogeza vipande vya udongo wa kuzibia kwenye mwanga wa dirisha. Udongo ulikuwa na matabaka mawili. La chini lilikuwa limevunjwa. La juu lilipakwa baadaye, kwa vidole, ovyo, kana kwamba mtu alirudi, akafungua, akaziba tena.

"Kuna nini?" Mbonea aliuliza.

Watu walipisha mlangoni. Bi Namsifu, mwenyekiti wa makazi, aliingia akiwa bado ameshika pawa la kugawia uji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa akijipakulia wa mwisho kila siku na kila mtu akijua hivyo.

"Nakijwa, mwenzangu. Sisemi uharakishe. Nasema tu kwamba leo nimeongeza maji mara mbili."

Nyuma yake, Nakijwa alimwona binti yake, Nietiwe, akiwa na kitoto chake kifuani. Mtoto alikuwa akinyonya, anaachia, analia, anarudi. Nietiwe alikuwa anatazama pembeni, kama mtu anayeona aibu kwa sababu ya mwili wake mwenyewe.

Huenda mvua ilipasua udongo, Nakijwa alijiambia. Huenda waliziba mara mbili siku hiyohiyo.

"Yatima," alisema.

*

Asubuhi walikifunga chungu kwenye pete ya Mrija, ndani ya banda lililozibwa kila ufa kwa matambara. Chini ya pete mlikuwa na giza tupu. Kwa desturi, msoma vyungu ndiye aliyeingiza mkono kwanza, ili apime nafaka imefika wapi kabla bomba halijateremshwa.

Nakijwa alikunja mkono wa gauni na kuingiza mkono wake mpaka kiwikoni. Baridi ya upande ule ilikuwa baridi nyingine, yenye unyevu na harufu ya moshi wa kuni. Vidole vyake vikagusa uwele. Ulikuwa mkavu, laini, ukiteleza kama maji.

"Upo," alisema. "Umejaa."

Bomba lilinguruma. Uwele ukaanza kumiminika ndani ya pipa la juu, wa kijivu, mzima, na vumbi lake likajaa bandani mpaka watu wakapiga chafya na kucheka. Nje mtu alianza kuimba. Chungu kilipopata moto Mbonea alizima mtambo. Kingepasuka kama wangekilazimisha. Shimo lilikuwa limebaki na zaidi ya nusu.

"Tutarudi kikipoa vizuri," alisema, akifuta jasho. "Ila unajua, tukifungua tena tutatua mbele kidogo. Siku kadhaa baadaye, kwa upande wao. Nyuma haturudi."

Jioni ile kila nyumba ilikula uji mzito. Nietiwe alikunywa bakuli lake, akalala palepale mkekani, mtoto akiwa amemlalia tumboni. Nakijwa aliushika ukingo wa bakuli lake mpaka uji ukapoa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kila alipofumba macho aliona alama za vidole kwenye tabaka la juu la udongo.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, alichukua brashi na mwiko mdogo, akateremka kwenye shimo lenyewe kule mtelemkoni. Wachimbaji walikuwa wameishia kwenye udongo ulioporomoka. Sakafu hawakuifikia, kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Nakijwa alipiga magoti, akaanza kuondoa udongo tabaka kwa tabaka, mpaka ukandiko wa samadi ukatokea, mgumu na mweusi.

Ulikuwa umekwaruzwa.

Mikwaruzo ilikuwa minne-minne, sambamba, mingine imepishana. Ilizunguka sakafu nzima na kupanda kidogo ukutani, pale ganda la nafaka iliyooza linapokuwa limeshika. Nakijwa aliweka vidole vyake juu yake. Viliingia bila kuvilazimisha. Mtu alikuwa ameshuka humu na kukwangua ukuta kwa kucha, akitafuta cha kula.

Alibaki amekaa mle ndani, mgongo umeegemea ukuta, mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Bi Namsifu alikuwa ghalani akipima uwele kwa pawa. Alimsikiliza Nakijwa mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Kwa hiyo mwenyewe alirudi," alisema.

"Alirudi akalikuta limekwisha. Na mimi niliona dalili nikanyamaza. Bi Namsifu, tusivute tena. Na hiki kilichobaki ghalani tukirudishe."

"Shimo lilikutwa tupu."

"Najua."

"Basi fikiri na mimi, maana mimi si msomi wa vyungu. Lilikutwa tupu. Mikwaruzo ipo, umeiona kwa macho yako. Ukirudisha uwele wote, utaondoka tu. Utachukuliwa na panya, na jirani mwizi, na nani sijui. Mwanamke yule atakwangua tu. Hujamwokoa mtu. Umewanyima wa hapa."

"Kama ni jirani mwizi, basi awe jirani mwizi," Nakijwa alisema. "Kuna mkono uliolimaliza lile shimo. Sijui ni wa nani. Lakini lazima uwe wangu?"

Bi Namsifu aliweka pawa chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Yule amekufa tangu enzi ambazo hatuna hata jina lake. Mjukuu wako yu hai. Mimi nagawa uji, Nakijwa. Siwezi kugawa kwa watu wasiokuja na bakuli." Alikohoa. "Kesho tunavuta. Ukikataa kupima, Mbonea atapima. Sitakulazimisha."

Nakijwa aliondoka akiwa amekusudia kutokanyaga tena bandani. Asubuhi ilipofika, alikuwa wa kwanza kusimama pale. Aliona afadhali mkono uwe wake, ulioijua ile mikwaruzo, kuliko wa kijana asiyejua chochote.

*

Walivuta tena. Pipa la juu likajaa uwele wa kijivu uleule, vumbi lilelile. Safari hii hakuna aliyeimba. Habari ya sakafu ilikuwa imekwisha kutembea nyumba kwa nyumba. Chungu kilianza kutoa joto. Mbonea alisimamisha bomba huku ameiacha njia wazi.

"Pima, dada. Nadhani tumekaribia chini."

Nakijwa aliingiza mkono. Nafaka ilikuwa imeshuka sana. Ilibidi alale kifudifudi juu ya pete, shavu likiwa limegusa chungu cha moto. Vidole vikaambulia punje chache juu ya ukandiko mgumu. Sakafu ilikuwa laini. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Halafu hewa ikabadilika.

Upepo mwembamba ulimpitia kiganjani. Juu ya mkono wake, kwa upande ule, kulisikika kitu kikivunjika, tap, tap, kama ganda la yai. Mwanga hafifu, mwekundu, ulipita njiani, na pete ikalia mlio wa hatari.

"Wanafungua!" Mbonea alipiga kelele. "Toa mkono! Njia inakufa, utakatika!"

Mwanga ukazibwa ghafla. Mtu alikuwa ameinama juu ya shimo na kuliziba kwa mwili wake. Na kabla Nakijwa hajauvuta mkono, mkono mwingine ukaugusa.

Ulikuwa mdogo kuliko wake, mkavu, wenye udongo uliogandamana kwenye kucha. Uligusa kiganja, ukashtuka, ukarudi. Haukupiga wala kukwaruza. Ulishika kifundo cha mkono wa Nakijwa na kukaza, kama mtu anavyomshika mwenziwe ukingoni mwa mto. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini, kavu, ya haraka, maneno yasiyoeleweka hata moja. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, kilio kile kinachokatika katikati kwa kukosa nguvu. Mwanamke akarudia alichosema, polepole zaidi, na safari hii kati ya maneno yote Nakijwa alilisikia moja.

"Mwana."

Lilitamkwa kwa uzito mwingine, lakini lilikuwa lilelile. Lilikuwa limepita vizazi vyote vile bila kuvunjika.

"Geuza bomba!" Nakijwa alisema.

"Nini?"

"Geuza! Rudisha! Amenishika mkono, Mbonea, ana mtoto!"

"Usiguse," alisema Bi Namsifu kutoka mlangoni.

Mbonea alisimama, mikono hewani, akimtazama huyu na yule. Mpini wa kurudisha, ule wa kupulizia takataka bomba linapoziba, ulikuwa upande wa kushoto wa pete. Nakijwa hakuungoja uamuzi wa mtu. Alijinyoosha mpaka bega likalia, akaukamata mpini kwa mkono wa kushoto, akaunyonga chini.

Pipa lilifunguka. Uwele ulishuka kwa kishindo, ukampita mkononi kama mto, ukimiminika juu ya mikono miwili iliyoshikana. Kule chini mwanamke alipiga ukelele mfupi. Vidole vyake vikaachia, si kwa hofu, Nakijwa angeapa. Viliachia ili vikinge. Chungu kilikuwa kinaunguza. Harufu ya ngozi ilipanda. Alivuta mkono, na wakati uleule mdomo wa chungu ukapasuka kwenye ule mstari ulioteleza, kisha kila kigae kikaachana na mwenzake.

Giza la chini ya pete likageuka sakafu ya saruji. Pipa lilikuwa tupu.

Nje, watu walioshika mabakuli walikuwa bado wamepanga foleni.

*

Nietiwe ndiye aliyemfunga mkono kwa kitambaa na mafuta ya nyonyo. Alifanya hivyo kwa ukali, bila kumtazama.

"Mama, umempa nani chakula cha mwanangu?"

"Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye mtoto anayelia."

Nietiwe alikaza fundo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Mimi pia ninaye."

"Najua, mwanangu."

"Ungenikumbuka basi."

"Nilikukumbuka wewe," Nakijwa alisema. "Ndiyo maana."

Nietiwe aliinuka akatoka nje na mtoto wake, na hakurudi mpaka jua lilipokuwa linazama. Nakijwa hakulala chini wala hakukaa. Alizunguka kile chumba akiwa ameshika mkono wake ulioungua, akijiuliza ni kiasi gani kilifika kule, ni kiasi gani kilimwagika, na kama mikwaruzo ile ilikuja baada ya msimu mmoja au ya mingi. Mwanamke yule angeweza kuishi miaka juu ya uwele ule kabla hajashuka kukwangua. Angeweza pia kutoishi. Vigae havikuweza kumwambia, na hakuna chungu kingine cha kumrudisha kwake.

Mkutano ulifanyika uwanjani. Bi Namsifu hakupandisha sauti. Alisema Nakijwa hatasoma tena vyungu, na watu wakakubali, wengine kwa hasira, wengine wakiwa wameinamisha vichwa. Kisha mwenyekiti akasema kwamba lipo shimo jingine, limezibwa, ni tupu, na chungu chake kimeshaungwa. Udongo wake wa kuzibia umesagwa na mizizi, hausomeki. Hakuna awezaye kusema ni yatima au la.

"Mrija upo tayari," alisema. "Nani atapima?"

Mbonea alitazama viatu vyake. "Mimi nitaendesha," alisema. "Mkono siingizi."

Bi Namsifu aliwageukia wengine. Watu waliokuwa wakipiga kelele muda mfupi uliopita wakawa wanajikuna viganja.

"Mimi," alisema Nietiwe.

Alisogea mbele, akamkabidhi mama yake mtoto bila kumwangalia usoni. "Mwanangu ana njaa, kwa hiyo nitavuta. Msidhani nimegeuka mama yangu. Lakini nitapima mwenyewe."

Asubuhi, bandani, alikunja mkono wa blauzi kama alivyokuwa akimwona mama yake akifanya. Nakijwa alisimama ukutani, mjukuu akimlilia kifuani. Nietiwe aliingiza mkono mpaka begani, akafumba macho.

"Upo?" Mbonea aliuliza.

"Umejaa hadi shingoni."

"Toa mkono basi, niteremshe bomba."

Hakuutoa. Alikaa vile, shavu juu ya chungu, mkono ukiwa gizani kwenye nyumba ya watu asiowajua, muda mrefu kuliko msoma vyungu yeyote aliyewahi kukaa. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena. Bi Namsifu alibadilisha mguu wa kusimamia. Hakuna mkono uliokuja.

Hatimaye Nietiwe alijiinua. Punje kadhaa zilikuwa zimemganda kwenye jasho la mkono, hakuzipangusa.

"Vuta nusu," alisema.

"Hakuna mtu mle," Bi Namsifu alisema.

"Hakuna mtu leo."

"Nietiwe, nusu haitufikishi kwenye mavuno ya mihogo na viazi. Unajua haifiki."

"Najua. Nitakula kidogo, kama wewe." Alipumua. "Mwenyekiti, shimo hili lilikutwaje?"

"Lilikutwa tupu, limezibwa."

"Na kilichotokea hakibadiliki?"

"Hakibadiliki."

"Basi tukiacha nusu, na lilikutwa tupu, nusu hiyo iliondoka na mtu. Huenda ni mwizi. Huenda ni mwenyewe, alichelewa tu. Tukivuta yote, tutakuwa tumejua kwa hakika kwamba alikuta patupu. Tukiacha, tutakuwa hatujui. Mimi nataka kulala nikiwa sijui."

Bi Namsifu alimtazama msichana, akamtazama Nakijwa aliyefungwa kitambaa mkononi, akatazama mlangoni ambako foleni ya mabakuli ilikuwa inapinda kuzunguka kisima. Nakijwa alimwona akifanya hesabu ile mbaya ambayo amekuwa akiifanya kila siku peke yake, na kwa mara ya kwanza akamhurumia.

"Nusu," mwenyekiti alisema, akatoka nje kwenda kuwaambia watu yeye mwenyewe.

Kelele zilipanda nje. Mbonea aliteremsha bomba, akafunga kizuizi katikati ya kipimo, akawasha mtambo. Nietiwe alimchukua mtoto wake kutoka mikononi mwa mama yake, wakasimama bega kwa bega, wakitazama uwele ukipanda hadi kwenye alama na kukoma.